Nilivyoliinua jiko mwanangu asilifikie

Ushauri niliopewa kuliko wowote tangu mwanangu aanze kutambaa ni huu: "Mwache aguse jiko mara moja, hatarudia." Nimeambiwa na majirani, na shangazi zangu, hadi na muuza mkaa. Unanikera sana. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Maji ya nyuzijoto 60, ambayo hata hayajachemka, yanamuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde chache, na mtoto huwahi kuliko hapo. Halafu wadogo wengi hawaunguzwi na jiko lenyewe, wanaunguzwa na kilicho juu yake: uji, chai, maharage, maji ya kuoga. Kugusa jiko kutamfundisha nini kuhusu sufuria ya uji?

Tunaishi Nkuhungu, Dodoma, chumba na sebule, wapangaji wote tunapika koridoni. Nilianza na kigeti cha mbao mlangoni kwangu. Kilikuwa imara, lakini nyumba ya wapangaji haina siri wala geti: huyu anapita na ndoo, yule anakuja kuomba chumvi, kila mmoja anakiacha wazi. Nikahamia kwenye stuli, nikaweka jiko la mkaa juu yake. Kwa chai ilifaa. Siku ya ugali wa uwele ndipo nilipoona mambo. Ule ugali unataka nguvu, na kila nikisukuma mwiko stuli inacheza, jiko linasogea, makaa yanaruka. Sufuria ikaanza kulala upande mmoja, nikaidaka kwa kanga na kuibandika ukutani kwa goti huku nikipiga kelele mtoto aondolewe. Ugali ule ulilika, ila stuli niliirudisha sebuleni jioni ile ile.

Nikamwita fundi. Akanijengea meza ya matofali ya kuchoma kwenye kona, imefika kiunoni kwangu, juu ameisakafia na kuinua ukingo wa mbele kama vidole vitatu ili jiko lisiteleze. Alitaka kuniachia uvungu wa kuwekea mkaa. Nikakataa kabisa. Mtoto anapenda mkaa, angeshinda chini ya sufuria kila siku. Akaziba pote. Matofali, mchanga, saruji kidogo na ufundi havikufika elfu hamsini, na najivunia ile meza kuliko kabati langu la vyombo.

Mishikio ya vikaango naielekeza ukutani. Mtoto akiwa mgongoni, sipiki. Kwenye beseni la kuogea linaanza maji ya baridi, ya moto yanafuata, maana mtoto haishi kutumbukiza mkono kabla hujamaliza kuchanganya. Kitambaa cha meza nimekitoa. Majivu yenye moto simwagi uani ambako watoto wanakimbia peku. Kwa juu yanaonekana yamepoa, kumbe chini makaa yanawaka. Nayaweka kwenye debe lenye mfuniko hadi kesho yake.

Kitambaa cha meza nilikitoa kwa sababu ya mtoto wa jirani, wa miaka miwili. Alikivuta, chupa ya chai ikaja nacho, mkono mzima ukamwagikiwa. Maji ya bomba kwetu ni ya mgao na siku ile hayakuwepo. Nilimvua shati haraka kabla halijagandia, nikamkata kile kikamba cha shanga mkononi kabla mkono haujavimba, kisha nikachota maji ya dumu kwa jagi na kumwagia polepole, mfululizo. Inatakiwa dakika 20, na dumu moja haliwezi. Nikapaza sauti, kila chumba kikaleta dumu lake. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma akaja na dawa ya meno ameshaifungua. Nikamwambia, "Bibi, naomba radhi, hiyo hapana. Nisaidie kumfunika tumbo asipate baridi." Alimfunika, na akamshika mpaka mwisho. Dawa ya meno, yai, mafuta, unga, vyote vinachafua kidonda na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua kwanza. Barafu nayo inaumiza ngozi zaidi. Tulifunika mkono kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, malengelenge hatukuyatumbua, bajaji hadi hospitali. Nesi aliuliza nani alimwagia maji. Nikasema ni nyumba nzima.

Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Ukiona jeraha limezidi hapo, au liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, usikae nyumbani kusikilizia.

Kwa wazazi wangu Mpwapwa mafiga yako chini na siwezi kujenga jikoni kwa mama. Huko tumepangana: anayepika hashiki mtoto, anayeshika mtoto hapiki, na koroboi inatundikwa ukutani. Mwezi wa saba ndio wa kuangaliwa zaidi, baridi inawasogeza watoto motoni hadi nguo zinagusa kuni. Mama aliona nawadekeza. Sasa ndiye anayewapangia watoto mahali pa kukaa, mgongo ukutani, mbali na mafiga.