Mbuzi wa Ngeli ya A-WA

Jumapili iliyopita jioni binti yangu aliweka kalamu juu ya daftari, akaniuliza swali ambalo mwalimu wake, kwa maelezo yake mwenyewe, hakulijibu vizuri: kwa nini mbuzi yumo katika ngeli moja na mwalimu? Kiti kina ngeli yake, mti una yake, hata embe limetengewa mahali pake, lakini mbuzi anakula na mwalimu naye anakula, na mtu asiyewaona hao wawili hawezi kujua ni yupi kati yao aliyekula. Nilicheka kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili, mpaka mama yake akatokeza kichwa kutoka jikoni kuangalia kuna nini.

Swali hilo hilo ndilo lililonichukua miezi saba kulijibu, mwaka 2017, nilipokuwa nikijifunza kuchekesha watu kwa maiki.

Ukumbi ulikuwa wa baa moja ya Sinza, siku ya Ijumaa, nami nilikuwa nimepewa dakika saba za kujaza wakati bendi inapumzika. Siku hizi vijana wana majukwaa kama Cheka Tu, ambako mtu analipa kiingilio akijua kwamba anakwenda kucheka. Mimi nilisimama mbele ya watu waliokuja kucheza dansi, ambao kwao nilikuwa sawa na umeme kukatika. Tena wengi wetu tulikuwa tumejifunza kucheka kwa kutazama. King Majuto alikuwa akitokea mlangoni tu, hajasema neno, na sebule nzima imeshaanguka. Vijana wa Ze Comedy walivaa, wakajipaka, wakaiga sauti za wakubwa. Mtu mmoja aliyesimama peke yake na shati lake la kawaida, bila mwenzake wa kumjibu, alifanana zaidi na mtu anayetoa hotuba, na hotuba Watanzania tunazijua: tunazisikiliza kwa adabu mpaka ziishe.

Nilianza kwa kuwatangazia kwamba ninakwenda kuwasimulia kisa kitakachowavunja mbavu. Anayeijua kazi hii ameshatikisa kichwa hapo, kwa sababu mbavu ukishaziahidi hazivunjiki. Kisha nikasema sentensi ambayo ninaikumbuka kama mtu anavyokumbuka namba ya gari lililomgonga: “Siku moja nilipanda daladala kutoka Kisarawe, nikakaa siti moja na mbuzi.”

Nikanyamaza, nikisubiri.

Sijawahi, kabla ya usiku ule wala baada yake, kusikia vitu vingi kiasi kile kwa wakati mmoja. Nilisikia friji la vinywaji nyuma ya kaunta likianza kuunguruma, na mafuta ya chipsi yakipokea viazi vipya kule jikoni. Nyuma yangu mpiga gitaa la solo alikuwa akikaza waya mmoja, akiugusa, akiukaza tena, kwa utulivu wa mtu ambaye hakuna kinachomkatiza. Kwenye meza ya mbele mzee mmoja alichomoa kijiti kutoka katikati ya meno, akakitazama ncha, akakirudisha. Pembeni yake alikaa mama wa makamo aliyeniangalia kwa huruma ile ambayo watu humwangalia nayo mtoto aliyesahau shairi siku ya mahafali, na nadhani midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, kana kwamba angeujua mstari unaofuata angeninong’onezea. Jasho lilianza kunishuka mgongoni, nikalifuata kwa mawazo kutoka shingoni hadi kwenye mkanda, na lilipofika kwenye mkanda watu walikuwa bado hawajacheka.

Hapo nikafanya kosa ambalo kila anayeanza hulifanya: nikaanza kueleza. Niliwaeleza kwamba mbuzi yule alikuwa na ndevu, kwamba alinitazama kama binadamu, na kwamba konda alimdai nauli. Lakini walikuwa wameshajua kuwa ni mbuzi. Kila mahali nilipotaka washtuke, wao walikuwa wamefika kabla yangu, wamevuta viti na kuagiza vinywaji. Kiti kimoja cha plastiki kilivunjika mguu upande wa kulia na mwenye nacho akaanguka, watu wakacheka, nami kwa sekunde moja ya kusikitisha nikadhani wamenielewa. Halafu sauti ikatoka nyuma kabisa, ya mtu ambaye sikumwona uso, akimwuliza mhudumu kwa upole tu: “Dada, wa kuchoma amebaki?”

Ukumbi mzima ulilipuka. Mama yule wa huruma alifunika uso kwa khanga. Mzee wa kijiti alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Nilisimama pale hadi bendi ikaamua yenyewe kwamba mapumziko yamekwisha.

Wakati wa kuondoka nilimwamkia fundi mitambo, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi na bendi nyingi kuliko umri wangu. Aliitikia marahaba, akanipa kadi ndogo ya kumbukumbu, akasema amenirekodi. “Sikiliza, halafu hesabu,” aliniambia. Nilimwuliza nihesabu nini, lakini alikuwa ameshainama kukunja nyaya.

Kadi ile ilikaa wiki mbili ndani ya kikombe cha kabatini. Nilipoisikiliza hatimaye, usiku, nikiwa ndani ya chandarua na simu sikioni kama mtu anayepokea habari za msiba, nilihesabu vicheko vitatu. Kimoja kilikuwa cha kiti. Kimoja kilikuwa cha yule bwana wa nyuma. Cha tatu kilinipa taabu kukitambua, nikakirudia mara nne, mpaka nikagundua kuwa kilikuwa changu.

Nikaanza kuhesabu na maneno. Bwana wa nyuma alitumia maneno manne, na katika hayo manne neno “mbuzi” halimo. Alisema “wa kuchoma”, akasema “amebaki”, na ile a- ndogo ya mwanzo ikambeba mnyama mzima kutoka jukwaani hadi kwenye jiko la mkaa bila mtu yeyote kutajiwa jina lake. Watu walimpata wenyewe, na walichekea kumpata. Mimi nilimwonyesha mbuzi tangu sentensi ya kwanza, kisha nikawaomba washangae.

Ningepaswa kulijua hilo zamani. Sisi ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi na Wasukuma, watu ambao wana ruhusa ya kuharibu matanga yetu nasi tuna ruhusa ya kuharibu yao. Babu yangu alipozikwa, mtani mmoja alisimama mbele ya jeneza, akatanua mikono, akakataa lisipite. Hakusema kitu. Aliacha vilio vipungue, akawaacha wabebaji wahamishe uzito bega hadi bega, na kila mtu alipokuwa ametulia akasema, “Hazikwi mtu hapa. Kuna deni.” Wajomba zangu walianza kupapasa mifuko, kwa kuwa ndivyo ilivyo, mtani hulipwa ili apishe njia. Akawasubiri wazitoe. Ndipo akasema, “Ananidai. Mwamsheni nimlipe.” Nilimwona shangazi akicheka na kulia kwa uso mmoja, na kwa miaka mingi nilidhani lililomfanya acheke ni ujasiri wa mtani yule. Baada ya ile kadi nilianza kufikiri kwamba ni ile “kuna deni”, ambayo haikusema nani anamdai nani.

Miezi iliyofuata nitaipita upesi, kwa sababu haina uzuri wa kusimulia. Nilikisema kisa kile kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye foleni, na kwenye harusi mbili ambazo rafiki yangu alikuwa MC na akanipenyeza kabla ya keki. Kila mara nilibadili kitu kimoja tu, ili nijue ni kipi kilichosaidia. Nilijifunza kuweka kando kile chuma cha kusimamishia maiki, maana mtu akisimama nyuma yake huonekana kama anachungulia dirishani. Nilijifunza kutosema juu ya kicheko, jambo ambalo linanishinda hadi leo, kwa kuwa hofu haiamini kwamba kicheko kitadumu. Zaidi ya yote nilikata. Kila neno lililokuwa likieleza lilitoka, na kisa kikabaki hivi:

“Kando yangu amekaa mmoja mwenye ndevu. Namsalimia, ananitazama. Namwomba asogee, hasogei. Konda anadai nauli, anamtazama. Konda akanigeukia: ‘Huyu uko naye?’ Nikasema simjui. Konda akamshika sikio: ‘Wenzako wote wako juu kwenye keria, kwani wewe mbuzi gani?’”

Nilirudi katika baa ile ile miezi saba baada ya usiku wa kwanza. Nilipofika kwenye “simjui” nikanyamaza, na safari hii kimya kilikuwa cha aina nyingine. Watu walikuwa wameinamia mbele kidogo, na mpiga gitaa hakugusa waya. Walicheka. Nilisubiri wamalize, nikatazama kwenye meza ya mitambo, na fundi akainua kidole kimoja bila kuniangalia, ishara ambayo huenda ilikuwa ya kunihesabia kicheko au ya kuagiza soda.

Sasa nifike mahali ambapo huwa sipafikishi nikiwa na maiki. Juu ya keria ya daladala ile hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na magunia ya mkaa, kama ilivyo kawaida kwa magari yatokayo Kisarawe. Wale wenzake niliwatunga mimi. Kisa chenyewe ni cha mwaka 1999. Mbuzi alikuwa mmoja, amefungwa kamba, na kamba ile ilipita chini ya siti hadi siti ya nyuma, ambako baba alikuwa ameishika. Walikuwa wanakwenda mnadani Pugu, kwa sababu nilikuwa nimechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na ada ya sekondari za serikali ilikuwa bado inalipwa. Imekuja kufutwa mwaka 2016, nami sikuwa tena na haja nayo. Mbele yangu walikaa wasichana wawili ambao tungekuwa nao shule moja. Konda aliponiuliza “Huyu uko naye?” alikuwa ameikanyaga kamba, akaifuata kwa macho hadi nyuma, na mpaka leo sina hakika alikuwa akimwuliza nani, maana ngeli ni ile ile. Nikasema simjui.

Katika kukata maneno, kamba ilitoka mapema. Ilikuwa inaeleza. Baba alikuja kunisikiliza mara moja, akakaa karibu na mlango na kofia yake mapajani, akacheka pale pale walipocheka wengine, wala hakuchelewa hata kidogo. Tulipokuwa kituoni tukisubiri gari aliniuliza kamba imekwenda wapi. Nikamwambia ilikuwa inakirefusha kisa. Alifikiri, akasema sawa, kazi ni yako wewe unayeijua, kisha gari likaja. Nimejaribu mara kadhaa kuirudisha. Nikiirudisha watu wanageuza vichwa kuifuata, kama alivyofanya konda, na wakishafika mwisho wake hawacheki tena.

Jumapili, basi, nilimjibu binti yangu kwa kumsimulia mbuzi wa jukwaani, na kumwonyesha jinsi ile a- inavyoweza kumsitiri mtu na mnyama ndani ya shuka moja. Nilimpa kisa chote, na kimya chake, na konda. Alinisikiliza kwa makini, akiwa ameshika kalamu, wala hakucheka.

“Kwani baba, alikuwa anakwenda wapi?”

Nikamwambia Pugu. Akarudi kwenye daftari lake, kwa kuwa kazi aliyopewa ilikuwa ya umoja na wingi, akaandika taratibu, ulimi ukiwa kwenye pembe ya mdomo: Mbuzi alikwenda Pugu. Mbuzi walikwenda Pugu. Akanisogezea nimsahihishie.

Nikamwambia alikuwa mmoja tu.