Ukitaka kulijua zulia la kale la Tibet, ligeuze

Joka na ua la peoni havithibitishi chochote. Wafumaji wa Gyantse na Shigatse, miji ya Tibet, walichota michoro mingi kutoka hariri za China, na leo joka hilohilo hufumwa popote penye soko. Namna zulia lilivyofumwa ni vigumu zaidi kuiigiza, na hiyo huonekana mgongoni na kwenye ncha.

Mfumaji wa Iran hufunga fundo moja, hulikata, kisha huenda kwenye jingine. Wa Tibet hulaza fimbo nyembamba mbele ya mtande, yaani nyuzi za wima zilizotandwa kwanza. Uzi wa sufu huupitisha kwenye nyuzi mbili za mtande, huuleta mbele, huuzungusha kwenye fimbo, kisha huendelea na nyuzi mbili zinazofuata. Haukati mpaka rangi ibadilike. Mstari ukijaa hugongwa ushikamane, kisu hupitishwa juu ya fimbo, na vitanzi vyote hupasuka kuwa manyoya. Mshindio, uzi unaoukata mtande kwa kulala, hupitishwa na kushindiliwa kwa kitana kizito. Kwa hiyo unene wa fimbo ndio unaoamua kimo cha manyoya. Mkono uliovuta uzi kwa nguvu mstari mmoja na kulegeza mwingine huacha matuta ya kulala, na kwenye zulia la zamani matuta hayo hayanisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni muuzaji anayehesabu mafundo kama vile anauza zulia la Iran. Hata mazulia mapya ya mtindo huu yanayofumwa Nepal huwa na mafundo 60, 80 au 100 kwa inchi ya mraba, na ya kale kwa kawaida hayakutafuta wembamba. Thamani yake iko kwenye sufu na rangi.

Sasa tazama ncha. Mtande wa kitanda cha kufumia cha Kitibeti huzunguka boriti ya juu na ya chini, na nyuzi hugeuzia kwenye fimbo moja, si ile ya manyoya. Mfumaji huuteremsha mtande kadiri kazi inavyopanda, naye habanduki alipoketi. Kazi ikiisha fimbo huchomolewa, zulia hufunguka, na ncha hubaki na vitanzi. Mrekebishaji asiyejua huvikata ili apate matamvua ya kupendeza. Hapo amefuta ushahidi, na zaidi ya hayo amelegeza ncha, maana mshindio wa mwisho hauna tena cha kuuzuia.

Mtande wa mazulia ya zamani ni sufu, mara nyingi ya kondoo wa nyanda za juu za Changtang, ndefu na yenye mafuta yake ya asili. Pamba kutoka India ilienea katika karne ya 20. Mtande wa pamba basi haulifanyi zulia kuwa bandia, ila ukiambiwa ni la karne ya 18, rudisha pochi mfukoni. Mazulia ya bonde la Wangden ni jamaa tofauti: ukiyageuza unaona nyuzi za mtande zimeufunika mshindio kabisa. Ni mazito, na mengi yalikuwa ya kukalia watawa.

Ukubwa nao husema. Khaden, zulia la kulalia na kukalia, ni kama sentimita 90 kwa 180. Mengine ni ya mraba ya kukalia, ya tandiko la farasi, ya kuzungushia nguzo za hekalu. Zulia la mita 3 kwa 4 karibu hakika ni la baada ya 1959, wakimbizi wa Kitibeti walipoanza kufuma Nepal, Jawalakhel ikiwa mojawapo ya vituo vya mwanzo, na baadaye wakawauzia wanunuzi wa Ulaya.

Kwa rangi, tenganisha manyoya mpaka chini. Buluu ya nili na nyekundu ya mizizi ya mmea wa Rubia hufifia taratibu kutoka ncha kwenda shinani. Rangi za viwandani za mwanzo, zilizofika Tibet mwishoni mwa karne ya 19, mara nyingi huacha ncha ya kijivu na shina la zambarau au waridi kali. Hizo ndizo huchuja. Kabla ya kufua, kandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye kila rangi kwa dakika moja. Kikipata doa, zulia lisiguse maji.

Nondo hupenda sehemu zenye giza chini ya samani. Zulia likiwa kavu kabisa, lifunge ndani ya plastiki, uligandishe kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha liache siku nzima kabla ya kufungua, la sivyo unyevu wa hewa hutua kwenye sufu baridi. Unapolihifadhi, lizungushe kwenye bomba kwa kufuata ulalo wa manyoya, manyoya yakiwa nje. Usilikunje: mtande wa pamba uliowahi kulowa chini ya chungu cha maua hukatika palepale kwenye kunjo.