Siku moja maishani mwangu: fundi wa piano

Saa 1 asubuhi nakagua mkoba: spana ya pini (vigingi vinavyokaza nyuzi), kabari za mpira, utepe mrefu wa sufu, sindano, na uma wa sauti unaotoa noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Simuni nina programu ya kupimia, ila sikio ndilo lenye uamuzi.

Saa 2 niko kanisani, kabla kelele hazijaanza. Piano hii imekaa miaka bila kuguswa na sauti imeshuka karibu nusu toni, yaani hatua ya kibonyezo kimoja hadi cha jirani. Nyuzi zake, kama 230 hivi, kwa pamoja huvuta fremu ya chuma kwa tani 15 hadi 20. Ukikaza upande mmoja, mzigo unahama na ule uliokwisha kuukaza unalegea. Kwa hiyo duru ya kwanza ni ya kupandisha zote haraka, juu kidogo ya zinapotakiwa. Wanaoruka hatua hii ndio huambiwa baada ya wiki kwamba piano imekataa kutulia.

Saa 4 inaanza kazi ninayoipenda. Noti za kati zina nyuzi tatu kila moja, basi nazibisha za pembeni kwa sufu ibaki moja. Nikipiga F na A pamoja, sauti inapepesuka, wau-wau-wau, karibu mara saba kwa sekunde. Nikipanda nusu toni, mpepesuko lazima uongeze kasi kidogo. Usipoongeza, nimekosea mahali na narudi nyuma. Umbali wa C na G nao naupunguza kidogo sana, kwani ukizifanya jozi zote za aina hiyo, zilizoachana noti tano, ziwe safi kabisa, oktava (C hadi C inayofuata) haifungi.

Lakini ugumu wenyewe uko mkononi. Pini imeshindiliwa ndani ya mbao za matabaka. Juu inaweza kugeuka huku chini imebaki pale pale, imejipinda tu, na kesho itajinyoosha. Napitiliza kidogo, narudisha, kisha napiga kibonyezo kwa nguvu mara kadhaa. Waya ukibaki palepale, nahamia mwingine.

Saa 8 mchana, nyumbani kwa mteja. "Fundi, hii D ikibonyezwa haipandi," ananiambia mama mwenye nyumba, mkononi ana chupa ya mafuta ya cherehani. Namwomba ayaweke mbali kabisa: mafuta hunywewa na mbao na sufu, hukamata vumbi, na hapo ugonjwa mdogo unakuwa mkubwa. Kisa ni unyevu. Kitambaa kwenye tundu la kibonyezo kimevimba. Nakibana taratibu kwa koleo mpaka kibonyezo kianguke kwa uzito wake.

Saa 10 nachoma sindano mabegani mwa nyundo za sufu zinazogonga nyuzi, zilizokakamaa, sauti ilainike. Ncha siigusi.

Jioni nawapigia simu wa kanisani: nitarudi baada ya wiki chache, maana nyuzi zilizopandishwa kiasi kile zitashuka tena kidogo.