Wagonjwa wawili, hospitali mbili, familia moja

Baba kapata kiharusi, na wiki hiyohiyo dada kalazwa kwa upasuaji wa uzazi. Kosa la kwanza ni ukoo mzima kukimbilia wodi moja. Kila mgonjwa apewe msimamizi wake mmoja, ndiye aongee na daktari na kuandika kila kitu kwenye daftari: jina la dawa, dozi, saa, vipimo vilivyoagizwa na majibu yake. Zamu zibadilishwe kabla mtu hajachoka kabisa, na daftari libaki kitandani.

Damu ndiyo huvuruga wengi. Nchini Tanzania mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, awe na angalau kilo 50. Ndugu wote wakichangia siku moja kwa ajili ya baba, dada akihitaji damu kesho hakuna wa kutoa. Wagaweni mapema.

Fedha zipitie simu ya mtu mmoja, risiti zipigwe picha papo hapo. Kadi ya bima na barua ya rufaa zitolewe nakala, maana mara nyingi nakala halisi imebaki kwa msimamizi mwingine.

Na nyumbani je? Bibi mwenye kisukari anachoma insulini kama kawaida ilhali hakuna aliyempikia. Sukari ikishuka atatetemeka, atatoka jasho, ataongea ovyo. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia, asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali.