Ribiti za Harvard ndani ya friza ya samaki

Mimi ni fundi wa tole, yaani bati. Miaka mingi nimenyoosha bodi za taksi-basi hapa Lubumbashi, kwa hiyo mzee mmoja aliponiletea bawa la Harvard, ndege ya zamani ya mafunzo ya kijeshi, nililiona ni bodi tu, ila refu. Mzee alitaka iruke tena. Katanga ya Tshombe, jimbo letu lilipojitenga na Kongo miaka ya 1960, ilikuwa na Harvard zake, na jeshi la anga la Afrika Kusini lilifundishia marubani wake kwa ndege hizo hadi 1995. Fundi mmoja mstaafu wa huko alikuwa akija kukagua kazi.

Nilianza kwa ujinga. Ribiti za bawa, zile pini za kushikanisha bati, zilikuwa na vistari viwili vilivyoinuka kichwani, nikadhani ni urembo. Nikapiga 62. Mkaguzi akapitisha lenzi, akanyamaza, kisha akaniita: "Papa, njoo utazame." Nyufa nyembamba kama unywele, kwenye mikia, zile ncha zinazopondwa. Nikazitoboa zote na kuzitoa moja moja, roho mkononi, maana tundu likipanuka unalazimika kutafuta ribiti nene zaidi.

Vile vistari vinaonyesha aloi namba 2024, mchanganyiko wa alumini na shaba. Ribiti hizo huchomwa hadi nyuzi kama 493 za Selsiasi, kisha huzamishwa papo hapo katika maji baridi. Zikitoka majini ni laini, lakini zinaanza kukaza zenyewe. Una dakika kama 20 hivi za kuzipiga. Kinachozichelewesha ni baridi kali tu.

Tanuri nililipata katika maabara ya kupima madini. Mji huu haukosi. Shida ilikuwa friza. Ya nyumbani inategemea umeme, na umeme wa mtaani kwetu mnaujua. Nikavuka barabara kwa mama muuza tomsoni, samaki wa barafu, mwenye jenereta.

"Mama, nitunzie vyuma vyangu humo."

"Vyuma? Pamoja na samaki?"

"Ni vya ndege, mama."

Alicheka hadi wateja wakageuka. Tukakubaliana mfuko wa unga kwa mwezi, akanipa kona.

Kijana wangu alikuwa anakuja mbio na ribiti 15 ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye termosi ya barafu na chumvi. Yeye anakinga kwa chuma upande wa ndani, mimi nje na nyundo ya upepo. Ribiti ya milimita 4, mkia wake nautaka upana 6, kimo 2. Ikiwa laini, mlio ni mzito. Ikianza kukaza mlio unapanda, unakuwa mkavu, kama unagonga sufuria tupu. Hapo naacha, hata kama saa bado. Zilizobaki nazirudisha tanurini.

Mkaguzi aliporudi, alinusa termosi kwanza, akaniangalia. Ndipo akashika lenzi. Alikataa ribiti tatu. Mama wa samaki alikuwa amekwenda kwenye matanga, kwa hiyo tulizimaliza kesho yake. Bawa liko Luano sasa, uwanja wa ndege wa hapa. Motere, yaani injini, silinda zake 9, ina mafundi wengine.