Kibati kikisema 999

Watu wakianza kubishana kuhusu rangi adimu za magari ya zamani ya Marekani utasikia tu Plum Crazy, Plum Crazy, ile zambarau ya Dodge ya 1970. Sawa, ni kali sana, sibishi. Ila jamani ile ilikuwa kwenye orodha, mteja anaingia kwa dila, yaani muuzaji wa magari mapya, anaongeza hela kidogo anaondoka nayo, na Plymouth nao walikuwa nayo hiyo hiyo kwa jina la In-Violet. Hata ile pinki iliyokuja katikati ya 1970, Dodge wakaiita Panther Pink na Plymouth wakaiita Moulin Rouge, pamoja na kwamba ni chache bado ina namba yake ya rangi kiwandani, FM3, unaisoma umemaliza.

Mimi kinachonimaliza ni 999.

Fungua boneti la Dodge au Plymouth ya miaka hiyo, angalia fenda ya ndani upande wa dereva, utaona kibati chembamba kimefungwa kwa skrubu, kimegongwa herufi na namba ndogo ndogo ambazo bila tochi huzioni vizuri. Injini ipo hapo, giaboksi ipo, rangi ipo. Sasa pale pa rangi ukikuta 999 ujue mtu aliagiza rangi ambayo haikuwa kwenye orodha ya mwaka ule. Rangi gani? Kibati hakisemi! Kinakwambia tu ni oda maalum, mengine jitafutie.

Na gari lenyewe lina miaka zaidi ya hamsini, limepulizwa rangi mara kadhaa, kila mwenye gari na mapenzi yake, kwa hiyo unaanza kuvua mpira wa mlango taratibu, unachungulia nyuma ya dashibodi, unanyanyua siti ya nyuma maana huko fundi mvivu hafiki, halafu unachukua msasa laini unasugua kipande kidogo, juu inatoka nyekundu ya juzi, inafuata praima ya kijivu, inafuata nyeupe ya mtu fulani, na chini kabisa kabla ya praima ya kiwandani unakuta kijani ambacho Dodge hawakukiuza mwaka ule. Hapo hata kama gari limeoza sakafu mi naliheshimu. Ukiwa na bahati utakuta pia ile karatasi ya kiwandani imechomekwa kwenye springi za siti, kama panya hawajaiwahi.

Ford wao oda maalum waliionyesha kivingine. Kwenye kibati cha mlangoni cha Mustang ya 1967 au 1968, nafasi ya rangi inaachwa wazi, haina kitu, na pale pa DSO, yaani sehemu ya namba ya wilaya ya mauzo, badala ya tarakimu mbili za wilaya unakuta sita, hizo nne za ziada ndo namba ya oda yenyewe. Afadhali yao maana kumbukumbu za uzalishaji kuanzia 1967 anazo Kevin Marti, jamaa anayeuza ripoti za Ford za zamani, unanunua ripoti ya gari lako. Pontiac nao rekodi zao zipo. Chevrolet ndo kilio, wengi wanabaki kutegemea makaratasi ya dila, au kwa Corvette za kuanzia 1967 stika iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta, na kuifikia mpaka ushushe tangi.

Inachekesha kwa sababu Chevrolet ndio wenye COPO (Central Office Production Order, oda maalum inayopitia ofisi kuu), njia iliyokuwa ya oda za teksi na magari ya polisi, mpaka madila wajanja wakaitumia kupitisha injini kubwa ambazo GM, kampuni mama ya Chevrolet, ilikataza kwenye magari madogo. Fred Gibb, dila wa La Harpe, Illinois, aliagiza Camaro ZL1 50 za 1969, injini ya aluminiamu ya inchi za ujazo 427, na injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000. Hazikuuzika, nyingi zikarudishwa. Jumla zilitoka 69 tu, na leo watu wanapigania.

Siku hizi kibati kipya kinachapishwa tu, namba unazotaka wewe, na 999 ni rahisi kuliko zote kudanganya maana inakubali rangi yoyote utakayopuliza. Kwa hiyo mtu akikuuzia 999 halafu hataki uvue mpira wa mlango, we mpe bei ya gari la kawaida.