Shilingi moja iliyonizuia kuzima mfumo wa zamani

Chama hicho cha akiba na mikopo kilikuwa kimetumia programu ileile kwa miaka kumi na minane. Iliandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu ambayo zana zake Microsoft waliacha kuzihudumia tangu 2008, na data zote zilikaa kwenye faili moja la Access, hifadhidata ndogo ya Microsoft. Faili la Access halivuki GB 2. Siku ya kwanza nililikuta na GB 1.7.

Viongozi walitaka niandike mfumo mpya hadi uishe, kisha tuhamie wote Jumatatu moja. Nilikataa. Niliwahi kushiriki kazi ya namna hiyo kwingine. Jumatatu ilipofika, wanachama walipanga foleni hadi barabarani na hakuna karani aliyeweza kumwambia mtu salio lake.

Nilianza na ripoti tu. Kila usiku data zilinakiliwa kutoka Access kwenda PostgreSQL, hifadhidata ya mfumo mpya, na asubuhi ripoti zikatolewa na mfumo mpya. Ripoti ikikosewa, pesa ya mtu haijaguswa. Kazi ya dirishani iliendelea kwenye programu ya zamani kama kawaida.

Riba ndiyo iliyonila muda. Kwa miezi mitatu mifumo yote miwili ilikokotoa riba. Ya zamani ndiyo iliyohesabika, ya mpya nikaiweka pembeni kulinganisha. Mwisho wa mwezi wa kwanza, mikopo thelathini na kitu ilitofautiana kwa shilingi moja moja. Nikamwambia mhasibu kwamba ni kiasi kidogo mno. Akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, mkaguzi haulizi shilingi ni ndogo au kubwa. Anauliza imekwenda wapi."

Nikachukua mkopo mmoja, salio 1,225,050, riba asilimia 1 kwa mwezi, nikaupiga kwa mkono: 12,250.50. Mfumo wa zamani uliandika 12,250 na mpya 12,251. Mkopo mwingine wenye riba ya 12,251.50 ulitoa 12,252 kote kuwili. Hapo ndipo nilipoelewa. Visual Basic ikikutana na nusu kamili huikadiria kwenda kwenye namba shufwa iliyo jirani. PostgreSQL, kwa namba za desimali, huipandisha. Hakuna mfumo uliokosea, ila mikataba ya wanachama ilikuwa imehesabiwa kwa njia ya kwanza kwa miaka yote ile.

Kishawishi cha "kurekebisha" kilikuwa kikubwa. Sikukifuata, na hadi leo naona ndio uamuzi bora niliofanya katika kazi ile. Kuhamisha hesabu ni kazi yangu. Kubadilisha hesabu ni kazi ya bodi. Niliandika ukadiriaji wa zamani ndani ya mfumo mpya, nikaweka majaribio yanayoulinda, na miezi miwili iliyofuata tofauti ikawa sifuri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Tulihamisha mikopo, halafu akiba, halafu hisa, na kila hatua ilikuwa na swichi ya kuturudisha nyuma. Niliitumia mara moja, siku risiti za akiba zilipogoma kuchapika. Ndani ya dakika kumi makarani walikuwa wamerudi kwenye programu wanayoijua, na foleni ikasogea.

Mezani kwa bodi nikapeleka ukurasa mmoja kuhusu ile nusu shilingi. Waliamua ikadiriwe kwenda chini daima, kwa faida ya mwanachama. Nikabadilisha mstari mmoja, mhasibu akasimama nyuma ya kiti changu akihakiki mkopo ule wa kwanza: 12,250.